Kabla hujapanda mti shuleni, piga hesabu ya maji ya Agosti

Mwangaluka walimu wenzangu, na nyie madogo wa klabu za mazingira mnaosoma hii kwenye simu ya mama.

Kila mwaka ikifika Januari Februari naona kitu kilekile. Shule inapanda miti elfu moja, kuna mgeni rasmi, kuna fulana, spika inapiga muziki mpaka ng'ombe wa jirani wanakimbia, alafu ukipita Septemba kilichobaki ni kibao tu kinachosema mradi wa nani umefadhiliwa na nani. Nimefundisha shule mbili za kata hapa mkoani Tabora, jiografia na baiolojia, na kwenye ile ya kwanza mshika maiki nilikuwa mimi mwenyewe. Tulipanda miche 600 siku moja ya Februari, mashimo yamechimbwa asubuhi ileile, kina chake ukiingiza kikombe cha chai kimejaa. Mgeni rasmi akapanda mwembe, tukapiga makofi, na huo mwembe ndio uliokufa wa kwanza maana kila mtu alidhani mwenzake anaumwagilia. Mwezi wa tisa nikatembea na daftari kuhesabu nikapata 11.

Watu wanasema wanafunzi wavivu, walimu hawajali. Hapana bana. Tatizo ni kalenda. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, zinaanza Novemba, zikiwahi mwishoni mwa Oktoba, zinakata Aprili au mwanzoni mwa Mei, alafu ni jua na vumbi miezi sita hivi. Sasa weka kalenda ya shule juu yake. Tunafungua Januari, mvua imeshakula nusu ya msimu. Mpaka ratiba ikae sawa, barua zimeandikwa, mgeni rasmi kapatikana, ni Februari mwishoni, kwaiyo mche unapata wiki nane za mvua alafu unaachiwa jua. Juni shule inafungwa na hakuna hata tone linalodondoka. Mche wa miezi minne mizizi haijafika popote, unategemea nini?

Kwaiyo mradi unaanza kupangwa kutoka kiangazi kurudi nyuma. Nitaeleza tulivyofanya shule ya pili, maana ile imesimama.

Anza na paa

Kabla hujataja aina ya mti, nenda na futi kamba ukapime paa la darasa moja. Hesabu yake mtoto wa fomu wan anaiweza: milimita 1 ya mvua ikidondokea mita 1 ya mraba ya paa inakupa lita 1 ya maji. Basi. Darasa letu ni mita 9 kwa 7, yaani mita za mraba 63. Ukichukua mvua ya mwaka milimita 900, ambayo kwa Tabora ni ya kawaida tu, unapata lita 56,700. Toa moja ya tano inayoruka, inayovuja kwenye gata na ile ya kwanza unayoimwaga, bado unabaki na lita 45,000 na kitu. Hayo ni madumu elfu tisa ya lita 5 kutoka darasa moja, na watoto wetu kila asubuhi wanatembea na dumu kutoka nyumbani.

Mwaka wa kwanza nilimpa hii hesabu binti mmoja wa fomu tuu aliandike ubaoni mbele ya wenzake, akafika kwenye jibu akafuta akidhani amekosea, akarudia, akafuta tena. Darasa likaanza kumcheka. Ilibidi nimwambie mwanangu acha, uko sahihi.

Shida ni kwamba hutayahifadhi yote, utahifadhi kile tanki linachobeba. Sisi tulipata tanki moja la lita 5,000 kwa michango ya wazazi, kikao cha wazazi kimoja baada ya mavuno, usiitishe huo mchango Januari watu wananunua madaftari. Tanki hilo kwa paa letu linajaa kwa mvua ya milimita 100 tu, kwaiyo lazima Aprili inavyoisha liwe limejaa na halijaguswa. Andika hilo kwa rangi kwenye tanki: MAJI YA MITI, MEI HADI OKTOBA. Mvua ya kwanza ya msimu usiiingize, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati, chomoa bomba iende chini, ya pili au ya tatu ndio uunganishe.

Sasa gawa. Mche mmoja mdogo ukimwagiliwa vizuri (nitaeleza vizuri ni vipi) unavuka kiangazi kwa lita 5 kwa wiki. Kiangazi chetu kama wiki 25. Miti 40 mara lita 5 ni lita 200 kwa wiki, mara wiki 25 ni lita 5,000 kamili. Tanki moja, miti 40. Hiyo ndio idadi ya miti yako, sio 600 wala elfu moja. Mkuu wangu wa shule nilipompelekea namba 40 alicheka, akasema mwalimu hata picha haitoki vizuri. Nikamwambia mkuu, tupige picha mwakani. Ukiwa na kisima kinachotoa maji Septemba ongeza, lakini usidanganyike na kisima cha Machi, Machi kila shimo ni kisima.

Kitalu, Julai mpaka Novemba

Muhula wa pili ukifunguliwa Julai ndio mnaanza kitalu. Usisubiri Oktoba kwa sababu miche mingi inataka miezi mitatu minne kwenye kiriba (kile kifuko cha nailoni cha kuoteshea mche) kabla haijawa na nguvu ya kutoka. Walioko Kigoma, hasa Kasulu na Buhigwe kule juu, mvua zenu zinawahi, anzeni wiki mbili tatu mapema.

Udongo tunachanganya karai 3 za udongo wa juu wa msituni (ule mweusi chini ya miti, ukwangue juu juu tu usichimbe handaki), karai 2 za samadi iliyooza na karai 1 ya mchanga wa mtoni. Samadi iwe imeoza kweli, ukiishika isiwe na joto wala harufu ya zizi, la sivyo inaunguza mizizi na wewe utalaumu mbegu. Viriba vinauzwa kwa kilo madukani ya pembejeo. Kuna wanaotumia mifuko ya maziwa na makopo, ni sawa, toboa chini tu maji yatoke.

Mbegu kila moja ina kisirani chake. Mlusina una ganda gumu, chemsha maji, epua, mwagia mbegu kwenye bakuli, ziache zikae humo zipoe mpaka kesho yake, zikivimba panda. (Mlusina uwe mnaukata kabla haujapukutisha mbegu, ukiachwa unageuka magugu.) Mjohoro na wenyewe unakubali maji ya moto. Gliricidia haina makuu, panda tu. Mwarobaini mbegu zake hazikai, wiki kadhaa tu zimekufa, kwaiyo okota matunda yaliyoiva, menya, osha, kausha kivulini, panda mapema, usinunue za kwenye mfuko hujui za lini. Embe nzuri usijisumbue na kokwa, nunua mche uliounganishwa, michache tu.

Mninga najua mnaupenda, kila klabu inataka mninga kwa sababu ndio mbao yetu. Jaribuni lakini mjue mnachoingia: mbegu imefungwa kwenye ganda lenye miiba, zinaota chache, na mche wenyewe kwa miaka kadhaa ya mwanzo kiangazi juu unakauka unabaki mzizi, mvua zikija unachipua upya. Klabu nyingine nilisikia waling'oa mininga yote wakidhani imekufa. Panda miwili mitatu, uwekee kigingi na maandishi, usiuhesabie kwenye 40.

Maji ya kitalu hayatoki kwenye lile tanki. Viriba 150 vinakunywa kama lita 30 kwa siku, nusu asubuhi kabla jua halijapanda nusu jioni. Hayo ni madumu 6, yaani watoto 6 tu kwa siku, kwa zamu. Pia maji ya kunawa mikono mchana kabla ya kula, yale ya kusuuza yasiyo na sabuni, tunayakinga kwenye karai. Chombo cha kumwagilia ni kopo la rangi lililotobolewa matundu na msumari mdogo. Usimwage kwa jagi, jagi linachimbua mbegu linazileta juu.

Mbona viriba 150 wakati shimo 40? Kwa sababu mingine itakufa, na inayobaki inaenda nyumbani kwa wanafunzi, narudi hapo.

Kupanda ni wiki ya mwisho kabla ya kufunga

Hii ndio sehemu watu wananibishia. Tunapanda mwisho wa Novemba au siku za mwanzo za Desemba, mvua ikishalowesha ardhi kina cha kiganja na kidole, siku chache kabla watoto hawajaondoka. Utasikia "sasa likizo nani atamwagilia?" Mungu atamwagilia, ni Desemba! Likizo ya Desemba ndio mlinzi bora wa mche huku kwetu, mwezi na nusu wa mvua bila mtoto kuukanyaga akikimbilia mpira. Tukifungua Januari mche umeshashika, una mvua mpaka Aprili. Unapata miezi mitano badala ya miwili.

Ila mashimo yachimbwe Septemba, ardhi ikiwa ngumu ndio ubaya wake, mnahitaji sururu na uvumilivu. Sentimita 60 upana na 60 kina. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto, wakati wa kurudishia wa juu uliochanganywa na samadi ndio unatangulia chini kwenye mizizi. Kiriba kichane na kiwembe, kitoe chote. Nimeona kwa macho yangu miche imepandwa na nailoni yake kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na haraka.

Fomu foo Novemba wako kwenye mtihani wa taifa na wakimaliza hawarudi, usiwategemee hata kidogo. Kazi ya kupanda ni ya fomu wan na tuu.

Kila mwanachama anaondoka na miche mitatu minne ya kupanda kwao. Hapa sheria yetu ni moja, achague mzazi aina. Wazazi wengi hapa ni wakulima wa tumbaku, wanajua shida ya kuni za kukaushia, mabani (vile vibanda vya kukaushia tumbaku) yanakula msitu kila mwaka, kwaiyo mzazi akiambiwa kuna mche wa kuni wa bure hahitaji mahubiri. Akina mama wengi wanaomba papai na mlonge. Mpe anachotaka.

Kuvuka Mei mpaka Oktoba

Sasa ile lita 5 kwa wiki. Ukiimwaga juu kwa ndoo, saa sita mchana imeshapaa yote. Tunatumia chungu. Nenda kwa akina mama wafinyanzi sokoni, nunua vyungu vidogo vya kawaida visivyopakwa rangi wala kung'arishwa, mwaga maji ndani, subiri kama nusu saa, upapase nje. Kikitokwa jasho kinafaa. Kikibaki kikavu mrudishie mama wa watu akapikie maharage. Kizike kiganja kimoja na nusu kutoka kwenye shina, mdomo tu ubaki juu, funika na kigae au kipande cha bati mbu wasizaliane. Maji yanatoka polepole kule chini kwenye mizizi, juu hakulowi kwaiyo na magugu hayaoti. Wiki ya kwanza ya Juni tulifukua kimoja kwa udadisi tukakuta mizizi imekizunguka chungu kama nywele, wale watoto walikaa wanaangalia mpaka kengele ya kipindi ikapigwa na hakuna aliyetoka.

Kama vyungu havipatikani, chupa ya maji ya lita 1.5, toboa kizibo tundu dogo kwa sindano iliyopashwa moto, kata kitako, ifukie kizibo kikiwa chini. Inafanya kazi ila tundu linaziba na mchanga, weka kipande cha sponji ndani.

Matandazo, ndio, majani makavu, lakini Tabora tuna mchwa na mchwa anapenda nyasi kavu kuliko sisi tunavyopenda matobolwa ya viazi. Acha duara la kiganja kuzunguka shina liwe tupu, mwaga jivu la jikoni hapo, ongeza kila wiki. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa yanasaidia pia. Na usipande mkaratusi mahali penye kichuguu, ni kumpelekea mchwa chakula mezani.

Mbuzi. Uzio wa minyaa ndio wa bei rahisi, unakata matawi unachomeka, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, tulimpeleka kijana mmoja zahanati, toka siku hiyo anayekata minyaa ni mwalimu au mzazi, amevaa miwani, na maji ya kunawa yako pembeni. Ule uzio unachukua zaidi ya mwaka kuziba, kwaiyo mwanzoni kila mche una kizimba chake cha miti ya miba. Na nendeni kwa mtendaji wa kijiji mapema, mkiwa na mkuu wa shule, mumwombe atangaze kwenye mkutano. Wafugaji sio watu wabaya, ukienda kuongea nao kabla mbuzi hajaingia mnaongea vizuri, akishaingia mnagombana.

Moto nao, Julai mpaka Septemba kuna watu wanachoma tu pori bila sababu. Fyekeni ukanda wa mita 3 kuzunguka eneo lote mwezi wa sita, ubaki udongo mtupu.

Likizo ya Juni ndio mtihani wenyewe. Tunachofanya: watoto wanaoishi kitongoji cha karibu wanawekwa wawili wawili, kila jozi ina siku moja tu kwa wiki, na mwalimu anayekaa nyumba za shule anaandika. Siku moja kwa wiki mtoto anaweza hata kama anamsaidia mama sokoni. Ukimpa kila siku hatakuja hata moja.

Alafu kitu kimoja ambacho nakiomba kabisa walimu wenzangu: msimpe mtoto kumwagilia kama adhabu. Kachelewa mchakamchaka, nenda kamwagilie miti. Kaongea Kiswahili kwenye kipindi cha Kingereza, kachimbe mashimo. Mnamfundisha mtoto kuuchukia mti. Shule yangu ya kwanza kuna miche ilikuwa inavunjwa usiku na hatukujua nani, leo najua kabisa ni wale tuliokuwa tunawatuma jua la saa saba. Hii ya pili tulikubaliana kwenye kikao cha walimu, adhabu ziwe nyingine, bustani ni ya klabu na kuingia ni mpaka uombe. Na wameanza kuomba.

Jikoni kuna mradi mkubwa kuliko bustani

Kama shule yenu inapika chakula cha mchana kwa kuni basi mnaweza kupanda miti 40 huku na kuchoma mia huku. Serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sawa kabisa, ombeni gesi, ombeni umeme, andikeni barua kupitia bodi ya shule. Wakati barua inatembea fanyeni haya.

Pimeni kwanza. Azimeni mzani wa kuning'iniza kwa wanunuzi wa mazao, wiki mbili nzima kila mzigo unaoingia jikoni upimwe, andikeni kilo na kimepikwa nini na watoto wangapi wamekula. Gawanya kilo kwa idadi ya watoto. Msibadilishe chochote hizo wiki mbili hata kama mnaona ujinga unafanyika.

Wiki ya tatu loweka maharage. Basi. Jioni yanamwagwa kwenye pipa la maji safi, asubuhi maji yale yanamwagwa kitaluni. Mpishi wetu, mama wa makamo ambaye ameanza kupika hapa kabla sijazaliwa kialimu, alikataa kabisa, akasema maharage yaliyolala kwenye maji yanachacha na ladha inapotea, na kwamba mimi nimesoma vitabu lakini sufuria sijawahi kukoroga. Nikamwambia shikamoo mama, naomba siku moja tu, yakiharibika nanunua mengine kwa hela yangu. Sufuria ambayo huwa inabandikwa saa moja asubuhi na kuiva saa sita na nusu, siku ile ikaiva saa nne na nusu. Akaonja, akaonja tena, akasema "chumvi ndogo." Hajawahi kusema nilikuwa sahihi ila jioni yake alikuwa ameshaloweka ya kesho bila kuambiwa. Msipitilize kwenye joto la Oktoba, usiku mmoja unatosha, ukichanganya mchana kweli yanachacha, hapo mama alikuwa na haki.

Baada ya hapo ni kuni kavu zilizopasuliwa nyembamba (jengeni kibanda zikauke msimu mzima), kifuniko kizito juu ya sufuria, na jiko banifu la matofali lenye bomba la moshi badala ya mafiga matatu. Kila mkibadilisha kitu kimoja pimeni tena wiki mbili, kitu kimoja kimoja, la sivyo hamtajua kilichosaidia. Hii ni sayansi kuliko yote tunayoandika ubaoni, na fomu thrii wangu waliichora grafu wakaibandika mlangoni kwa mkuu.

Nyuki, kwa kifupi

Najua Tabora ukisema mradi bila nyuki watu wanakuona mgeni. Ni biashara nzuri, asali inalipa viriba na gata. Ila mizinga iwe mbali na madarasa na njia, sisi tumeweka zaidi ya mita 300 na kuna kichaka katikati, na asiingie mtoto bila mzazi anayefuga nyuki kweli. Ning'iniza kwa waya uliopakwa grisi, siafu na nyegere wasifike. Mizinga ya magome ya miti hapana, inaua mti mzima. Pia tuna Chuo cha Ufugaji Nyuki hapahapa Tabora, kawaulizeni wenye taaluma kabla hamjanunua mizinga ya fundi wa mtaani. Ukiwa huna eneo acha, hamna aibu.

Watu na daftari

Usianze na shule nzima. Kule Kigoma jirani zetu wana hifadhi ya Gombe, na Jane Goodall aliyeanza kufuatilia sokwe pale 1960 ndiye aliyeanzisha programu ya vijana ya mazingira ya Roots & Shoots mwaka 1991 akiwa na wanafunzi 12 tu wa Dar es Salaam, leo iko nchi kibao. Sisi tulianza na 14, wengi fomu wan, kwa sababu fomu wan una miaka minne naye. Mwenyekiti awe fomu tuu au thrii, makamu awe wa darasa la chini yake, kila Oktoba wanakabidhiana kabla ya mitihani.

Walimu wawe wawili kuanzia siku ya kwanza, mmoja akipata uhamisho mradi usimfuate. Uandikisheni chini ya Elimu ya Kujitegemea ili hela ya asali na miche ipite kwenye akaunti ya shule kwa risiti, msishike hela mkononi hata kama ni ndogo, ndio inayovunja klabu.

Kila mti una namba, kipande cha bati kimegongwa kwa msumari, kinaning'inia kwenye kigingi sio kwenye shina. Kaunta buku moja kubwa: namba, aina, tarehe ya kupandwa, nani analea, urefu kila mwisho wa mwezi, na ukifa uandike umekufa na kwa nini. Mbuzi, mchwa, kiu, mpira. Watoto wataona aibu kuandika umekufa, waambieni ndio ukurasa muhimu, kwa sababu mwaka wa pili tuliugundua upande wa kaskazini wa uwanja miti mitano yote imeandikwa mchwa, tukahamisha.

Na ufunguo wa koki ya tanki. Mwanzoni ulikaa kwa mkuu wa shule kwa heshima, alafu akasafiri semina siku nne mwezi wa nane, tukabaki tunaliangalia tanki limejaa na miche imelegea. Saivi zipo mbili, moja kwa mwalimu wa zamu na nyingine kwa mama mpishi, ambaye kiukweli ndiye mtu pekee asiyekosekana shuleni.